Insha ya Mtoto Ambaye Sikumwona

Maumivu yalikuwa kifuani, chini kidogo ya shingo, kana kwamba mtu ameniwekea kiganja hapo akakandamiza, kisha akasahau kukiondoa. Yalinijia darasani, yalinijia nikichota maji, yalinijia hata nikiwa nimekaa tu barazani nachagua mchele. Nilikwenda kituo cha afya hapa Kiranjeranje mara kadhaa. Walinipima presha, wakanipima damu, wakanituma Kilwa Masoko nikapigwe picha ya kifua. Kila nilikokwenda nilirudi na jibu lile lile: hakuna kitu.

Nesi aliyekuwa akinihudumia alikuwa mama wa makamo, aliyehamishiwa kwetu kutoka Newala. Alikuwa na tabia ya kumaliza kwanza kazi ya mikono, kunawa, kujifuta, ndipo aseme alilonalo. Siku hiyo aliitazama ile picha ya kifua kwenye mwanga wa dirisha, akairudisha kwenye bahasha yake, akavuta kiti.

"Mwalimu, nikuulize jambo. Yule mtoto ulimlilia?"

Mwaka mmoja kabla, wakati wa masika, nilijifungua mtoto wa kiume ambaye hakulia. Ilikuwa mimba yangu ya kwanza. Mama yangu mzazi yuko kisiwani Songo Songo, na hakuna aliyetaka nipande boti na tumbo la miezi minane, kwa hiyo mume wangu alinipeleka kwao Milola nikakae na mama yake. Kutoka Milola kwenda hospitali Lindi mjini si mbali. Mimba ilikuwa nzuri, kliniki sikukosa, na mpaka leo hakuna aliyeweza kuniambia ilikuwaje. Mtoto alizaliwa ametimia, ila hakuwa hai.

"Nilimlilia," nikamjibu nesi.

"Lini?"

Nilikumbuka watu wengi wakiniambia nisilie. Waliniambia Mungu amempenda zaidi, wakaniambia mtoto ananisubiri mlangoni peponi, wakaniambia bado kijana nitapata mwingine. Nilikumbuka nikiwaitikia, nikisema alhamdulillahi, nikiwapokea wageni na kuwashukuru kwa kuja. Siku niliyolia mwenyewe sikuikumbuka.

"Unafundisha nini shuleni?" akaniuliza.

"Kiswahili."

"Insha?"

"Na insha."

"Basi nenda kajiandikie. Andika yote yaliyokupata tangu siku ile. Usiangalie herufi kubwa wala nukta, na hakuna mtu atakayesoma. Ukimaliza ukataka kuchana, chana."

"Kuandika kunatibu kifua?"

Alitabasamu kidogo. "Tulifundishwa kwenye semina. Walitueleza ni kwa nini kunasaidia, lakini sikudanganyi, mimi mwenyewe sikuelewa vizuri. Nimeona baadhi ya watu wanapata nafuu. Wengine hawapati. Ukiona unazidi kuumia, acha, uje tuzungumze."

Angeniahidi kwamba nitapona, nadhani nisingeandika hata neno. Nimekulia kwenye nyumba ambamo kila mgonjwa aliahidiwa kupona, na ahadi hizo nazijua. Kilichonivutia ni kule kusema kwake hajui. Nilitembea kurudi nyumbani nikijiuliza inawezekanaje. Maneno hutoka kichwani, kalamu iko mkononi, na ugonjwa uko kifuani. Njia inapita wapi?

Kesho yake, mume wangu alipokwenda shamba, nilikaa mezani nikaandika sentensi ya kwanza. Naikumbuka ilivyokuwa: "Ilikuwa siku ya Jumanne, jua lilichomoza kwa madaha na ndege walikuwa wakiimba kwa furaha mitini."

Nilisimama hapo hapo. Sentensi hiyo naijua kama ninavyoijua njia ya kwenda shuleni, kwa sababu ndiyo ninayowafundisha watoto wa darasa la sita. Insha nzuri huanza na jua, ndege na mandhari ya kupendeza. Nimeisahihisha kwa wanafunzi wengi na sikuwahi kumuuliza hata mmoja wao ndege gani, walikuwa wapi. Sasa nilikuwa nimeiandika juu ya siku mbaya kuliko zote maishani mwangu.

Nilicheka peke yangu. Nikachukua kalamu nyekundu iliyokuwa kwenye mkoba wa kazi, nikaikata sentensi yote, na pembeni nikaandika kama ninavyowaandikia wanafunzi: "Ndege gani? Mvua ilikuwa inanyesha. Rudia."

Nikarudia. Safari hii nilianza na mvua, na mabati ya Milola yaliyokuwa yakipiga kelele hata mama mkwe akalazimika kuniinamia sikioni ili nisikie anachosema. Niliandika ukurasa mzima bila kusimama. Nilipomaliza nilijisikia vilevile, wala sikuwa na huzuni zaidi. Niliusoma kama ninavyosoma kazi ya mwanafunzi, nikitafuta makosa ya sarufi, na sikuyaona. Kulikuwa na kitu kingine, ila nilichelewa kukitambua. Vitenzi vyote vilivyonihusu mimi vilikuwa katika kauli ya kutendwa. Niliamshwa, nilipakiwa garini, nilipokelewa, nililazwa, nilipimwa, niliambiwa, nilishonwa, niliruhusiwa. Ukurasa mzima haukuwa na kitenzi hata kimoja ambacho nilikifanya mimi.

Nafundisha mnyambuliko wa vitenzi kila muhula. Huwaambia watoto kwamba katika kauli ya kutendwa, mtenda huweza kufichwa, na wakati mwingine hatumjui kabisa. Nilikaa nikautazama ule ukurasa na kwa mara ya kwanza nikapata hamu ya kumjua yule mwanamke aliyekuwa akipakiwa na kulazwa. Kwani siku nzima hakufanya lolote?

Nikaanza kumtafutia vitenzi vyake. Ilikuwa kazi ngumu kuliko nilivyotazamia. Niliandika: Nilivaa kanga mbili. Nilikataa chai. Nilisahau kadi ya kliniki, nikarudi kuichukua mwenyewe na chupa ya uzazi imeshapasuka. Niliomba mlango wa wodi ufungwe. Nilisukuma. Nilisukuma tena. Niliuliza, "Mbona halii?"

Nilipoandika lile neno "niliuliza," kilio kilinijia. Hakikuja polepole. Nililala na uso juu ya meza, na jirani yangu aliyekuwa akitwanga uani kwake akasimamisha mchi akaniita kwa jina. Nilimwambia niko salama. Kisha nikasikia anaendelea kutwanga.

Ningependa kusema kwamba tangu hapo nilianza kupata nafuu, lakini haikuwa hivyo. Siku zilizofuata hali yangu ilikuwa mbaya zaidi. Nilimkaripia mtoto darasani kwa kuangusha daftari. Nilimkasirikia mume wangu kwa jinsi anavyokula, kwa jinsi anavyovua viatu, kwa jinsi anavyosema "haya" kila nikimweleza jambo. Nikarudi kwa nesi nikamwambia dawa yake imenizidishia ugonjwa na hasira.

Hakushangaa. Alifunga mlango, akanimiminia chai kutoka kwenye chupa yake mwenyewe.

"Inaweza kuwa hivyo mwanzoni," akasema. "Pumzika wiki hii usiandike. Hiyo hasira ni ya kitu gani?"

"Sijui."

"Unataka kuendelea, au tutafute njia nyingine?"

Nilifikiri. "Nataka kuendelea. Kuna mahali pamekosekana."

"Pamekosekana vipi?"

Nikamweleza. Baada ya kuuliza "Mbona halii?", kitu kinachofuata katika kurasa zangu ni mama mkwe akinifunga kifua kwa kanga kule Milola. Maziwa yalikuwa yamekuja. Hakuna aliyenionya kwamba maziwa huja hata kama mtoto hayupo, na nilipoamka nikaona nguo imelowa nilidhani naumwa. Lakini kati ya lile swali na ile kanga hapakuwa na kitu. Mtoto alikwenda wapi? Nani alimchukua? Huenda niliulizwa kama nataka kumwona, huenda sikuulizwa. Alioshwa na nani, akavikwa nini? Nilijua tu kwamba alizikwa Milola siku ile ile, nikiwa bado wodini, kwa sababu siku moja mtu aliniambia hivyo na sikuuliza zaidi.

Kisha nikamwambia lile ambalo nilikuwa nimeligundua asubuhi hiyo, nikiwa njiani kwenda kwake. Katika kurasa zote nilizoandika, mume wangu hakuwemo. Hakutajwa hata mara moja. Nilikuwa nimeandika habari za mvua, mabati na kadi ya kliniki, na baba wa mtoto sikumweka popote.

Nesi alizungusha kikombe mkononi. "Kwani alikuwa wapi?"

"Ndilo ninalotaka kujua," nikasema.

Ilikuwa msimu wa kukung'uta ufuta. Kwetu ufuta ukishakatwa hufungwa matita, husimamishwa ukauke juani mpaka vile vifuko vifunguke, kisha hugeuzwa kichwa chini juu ya turubai na kugongwa kwa fimbo, mbegu zikamwagika. Ni kazi ya watu wawili, mmoja ashike mwingine agonge. Jumamosi nilikwenda shamba na mume wangu. Nilichagua siku hiyo makusudi, kwa sababu yeye ni mtu asiyeweza kuzungumza mikono ikiwa mitupu. Ukimkalisha kitako ukamwambia tuongee, ataangalia mlango.

Nilishika tita, yeye akagonga. Tulipofika kama tita la nne au la tano nikamwambia, "Nataka uniambie habari za mtoto."

Fimbo ilisimama hewani. "Habari gani?"

"Zote. Mimi sikumwona."

Aligonga tena, pole pole. "Waliniambia nisikukumbushe."

"Nani?"

"Watu wote. Mama, wazee, hata pale hospitali. Walisema nikikukumbusha utaumwa."

"Kwani ulidhani nimesahau?"

Aliweka fimbo chini, akachukua tita jingine akanipa nishike, akaokota fimbo. Nikadhani mazungumzo yameishia hapo. Kisha akasema, akiangalia turubai, "Unataka kuanzia wapi?"

Sikuwa nimejiandaa na swali. Nilisema lililokuja kwanza mdomoni. "Alikuwa na nywele?"

"Nywele alikuwa nazo. Nyingi. Zilishuka mpaka hapa," akagusa juu ya sikio lake. "Nilishangaa. Mimi nilizaliwa na kipara, mama anasema."

"Alifanana na nani?"

"Kidevu chako. Juu huku sikuweza kujua, alikuwa amefumba macho."

Nikamuuliza nani alimchukua kutoka wodini. Akasema ni yeye. Nesi wa wodini alimtoa akamkabidhi mikononi, amefungwa kwenye kanga yangu ya bluu. Kanga hiyo siku zote nilijua imepotea hospitalini.

"Haikupotea. Iko kwa mama, aliifua akaiweka."

"Ulikwendaje Milola?"

"Tulikodi gari. Nilikaa mbele nimempakata. Dereva alikuwa amewasha redio, alipotupia macho akaona nimebeba nini akaizima. Hatukusemezana mpaka tukafika. Alishuka akazunguka akanifungulia mlango, maana mimi mikono haikuwa na nafasi."

Alizungumza na kugonga, kuzungumza na kugonga. Mbegu zilikuwa zikimwagika kwenye turubai kama mchanga laini. Niliogopa hata kubadilisha mkono.

"Nani alimwosha?"

"Mimi. Mwalimu wa msikitini alisimama pembeni ananielekeza. Mama alipasha maji. Nilimwambia, mama, kupasha maji kwa nini, wakati mtoto mwenyewe hasikii? Nilisema kwa ukali, sijui kwa nini. Akaniambia, mtoto mchanga haogeshwi kwa maji ya baridi. Akaingiza kiwiko kwenye beseni kupima, kama wanavyofanya. Akaongeza ya baridi kidogo. Ndipo akaniachia."

Hapo nilikuwa nimekwisha kuliachia tita, limeanguka lenyewe juu ya turubai, na hakuna aliyeliokota.

"Ulimpa jina?"

"Nilimpa."

Akanitajia. Jina hilo sitaliandika hapa. Nimeliandika kwingine, mahali ambapo tunasoma mimi na yeye tu. Tulikuwa hatujawahi kuzungumzia majina ya kiume, tulikuwa tumebishana juu ya ya kike tu, na alilolichagua ningelichagua na mimi.

Alijifuta uso kwa pindo la shati. Akasema ni vumbi la ufuta. Tukamaliza matita yaliyobaki, na siku hiyo sikumchukia kwa jinsi alivyovua viatu.

Jioni ile niliandika kila alichosema, kwa maneno yake kadiri nilivyoweza kuyakumbuka. Kesho yake nilimwomba asome aone kama nimekosea. Husoma kwa kufuata mstari kwa kidole, midomo ikicheza. Alisoma mpaka mwisho, akarudi juu.

"Hapa si kweli," akasema.

"Wapi?"

"Umesema mvua ilinyesha siku nzima. Jua lilikuwa kali. Wakati wa kuzika watu walikuwa wanatafuta kivuli."

"Mvua ilinyesha. Mabati yalikuwa yanapiga kelele."

"Mimi nilikuwepo nje, Mwalimu. Wewe ulikuwa ndani."

Tulibishana kwa muda mrefu, na katikati ya ubishi nikagundua kwamba ni mara ya kwanza tunabishana juu ya siku ile kama watu wawili walioishi siku moja. Mwishowe tulielewana kwamba mvua ilinyesha alfajiri tulipoondoka Milola, na mchana jua likawaka. Wodini hapakuwa na dirisha karibu na kitanda changu, kwa hiyo kwangu mvua haikukatika. Niliandika zote mbili. Aliporidhika aliniambia, "Na hilo la kiwiko umeliandika vizuri." Kisha akaenda kutengeneza pikipiki ya jirani, kwa sababu ndiyo kazi yake ya pili, na nikasikia anapiga mluzi.

Shule zilipofungwa tulikwenda Milola. Sikuwa nimefika tangu nilipoondoka na kifua kimefungwa. Mama mkwe alitupokea uani, amevaa kanga ya kazi, mikono ina unga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?"

Hakuuliza tumefuata nini. Nadhani mume wangu alikuwa amempigia simu. Tulikula, tukalala, na asubuhi nilipotoka nje nilimkuta ameshatayarisha mafyekeo mawili na ndoo ya maji.

"Twende tukasafishe," akasema.

Wanawake wa kwetu hawaendi mazikoni, na wengine watakuambia hata kuzuru makaburi si vizuri kwa mwanamke. Nilimuuliza kama haitakuwa neno. Alisema tunakwenda kufyeka majani, na majani hayana dini. Basi tukaenda watatu, tukipita kwenye mikorosho, yeye mbele na ndoo kichwani, akizungumza na mwanawe Kimwera ambacho mimi mtu wa kisiwani sikijui. Makaburi ya ukoo wao yako mwisho wa shamba. Alinionyesha bila kunyoosha kidole, alisimama tu kando ya kaburi fupi lenye jiwe upande wa kichwa na jiwe upande wa miguu.

Nilichuchumaa. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, lakini kilichokuja ni hamu ya kutazama. Nilitaka kujua udongo wa pale ni wa aina gani, kama maji hutuama mvua ikinyesha, kama jua la jioni hufika. Niligusa jiwe la kichwani, lilikuwa na joto. Niling'oa magugu kwa mkono nikiyatikisa mizizi, kama mtu anayepalilia mchicha, na nikamwambia mtoto wangu jina lake kwa sauti ya chini ili ajue kwamba na mimi nalijua.

Pembeni yake, karibu sana, palikuwa na tuta jingine dogo lililokuwa limebonyea, na mawe yake yamezama kwenye udongo. Lilikuwa limefyekwa safi kuliko makaburi yote ya jirani.

"Na huyu ni nani, mama?"

Mama mkwe alikuwa akimwagia maji kwenye udongo. Alimaliza kwanza. "Huyo wangu," akasema. "Wa kwanza. Nilimzaa kama ulivyomzaa wako. Nilisema huyu alazwe hapa, awe karibu na baba yake mkubwa."

Mume wangu alisimama na fyekeo mkononi. Siku zote amejijua kuwa ndiye mtoto wa kwanza.

"Mama, mbona hukuwahi kuniambia?"

"Ningekuambia ili iwe nini? Ulikuwa hujazaliwa."

Alilisema bila ukali, kama mtu anayeeleza kwa nini hakununua chumvi. Mume wangu alikaa chini kwenye majani. Akauliza swali moja kwa Kimwera, mama akajibu kwa maneno machache, akauliza jingine. Mimi sikuelewa, na sikumwomba anitafsirie. Nilifyeka kando kidogo nikawaacha.

Tulipokuwa tunarudi nilitembea nyuma na mama mkwe. Nilimweleza kwamba nimekuwa nikiandika habari za mtoto, na kwamba nesi ndiye aliyenishauri, na kwamba kuandika kumenisaidia. Nikamuuliza kama angependa nimwandikie na za kwake. Nilidhani nampa zawadi. Kichwani nilikuwa nimeshaanza kuandika sentensi ya kwanza.

"La," akasema. "Lako andika, kama linakupa raha. Langu liache. Nimeshazoeana nalo lilivyo."

"Haya, mama."

"Ila unaweza kusema kwamba yupo."

Kwa hiyo nasema kwamba yupo, na mengine aliyoniambia baadaye, tukichambua majani ya kunde uani, siyaandiki. Nilijifunza hapo kwamba dawa hii si ya kila mtu, na kwamba kuna watu wamejitibu kwa njia nyingine tusizoziona kwa sababu hazikuacha karatasi. Mimi bado najiuliza yeye alifanyaje. Siku moja nitamuuliza, akipenda.

Nilirudi Kiranjeranje na kanga yangu ya bluu. Naivaa. Kifua hakikupona siku moja niliyoweza kuijua. Ni kwamba wakati fulani katika muhula uliofuata nilikuwa nikiimba na watoto wa darasa la tatu, mwalimu wao alikuwa mgonjwa nikashika kipindi chake, na katikati ya wimbo nikatambua kwamba sijakifikiria kifua changu kwa muda mrefu. Nikajikagua. Kile kiganja hakikuwepo. Hurudi mara moja moja, hasa nikisikia kilio cha mtoto mchanga pale kituoni, lakini hakikai.

Nilimwambia nesi, tukajaribu pamoja kuelewa kilichotokea. Yeye alidhani ni kile kilio cha mezani. Mimi nilidhani kilio kilikuwa sehemu tu. Kabla ya kuandika, siku ile ilikuwa kitu kimoja kizito nisichoweza kukigeuza. Nilipoiandika nikaona ina matundu, na matundu yakanifanya niulize, na kuuliza kukanipeleka kwa mume wangu, ambaye alikuwa amebeba nusu nzima ya siku hiyo peke yake na mimi sijui. Nesi alisikiliza akasema huenda ni hivyo. Akaongeza kwamba kuna mama mwingine aliyeandika akachoma moto siku ile ile, hakumuuliza mtu yeyote kitu, na yeye pia alipata nafuu. Kwa hiyo bado hatujui.

Jambo moja limebadilika katika kazi yangu. Watoto wakiniletea insha sianzi tena na tahajia. Nasoma mara ya kwanza bila kalamu, kisha namuuliza mwandishi kitu kimoja ambacho kweli nataka kukijua: bibi alikuwa amevaa nini, mbwa alikwenda wapi. Wengi hushangaa. Baadhi hujibu kwa maelezo marefu kuliko insha yenyewe, nami huwaambia waende wakayaandike hayo.

Na mume wangu bado anakumbuka. Hayaji yote kwa mpigo. Huja akiwa na spana mkononi, au akipanda baiskeli, kitu kidogo ambacho hakukisema siku ya ufuta. Juzi alikuwa amepiga magoti kando ya pikipiki, anafungua nati iliyoshika kutu, mimi nimekaa kwenye kigoda namenya mihogo.

"Alikuwa na alama," akasema. "Nyeusi, ndogo kama punje ya ufuta. Nyuma ya sikio."

Kisu kilisimama mkononi mwangu. "Sikio lipi?"

Aliacha nati. Alitazama juu, akanyanyua mikono yote miwili yenye grisi, akaikunja mbele ya kifua chake kama mtu aliyempakata mtoto, akainamisha kichwa kwanza upande huu, kisha upande ule.

"La kushoto," akasema. "Nadhani."

Nikaosha mikono, nikaingia ndani kuandika: la kushoto, anadhani.